Kibarua cha Mama, Msimu wa Mbaazi

Jumatatu, 12 Agosti

Marseli amepiga simu mchana nikiwa napima dagaa. Marseli ni mdogo wangu, yuko Dodoma, ana kazi ya ofisini na gari. Kuna mtu amemwambia kwamba mama yetu ameanza kibarua cha kuchambua mbaazi kwenye ghala, kule barabara ya Singida. Nikamuuliza ni nani amekuambia, maana hiyo habari nilitaka kukupa mimi. Hakucheka.

"Dada Rosalia, mama ana miaka sabini na moja. Anatafuta nini ghalani?"

"Si umuulize."

"Nimemuuliza. Kasema simu haisikiki, akakata."

Basi amenipa kazi. Nitafute daftari, niandike kila siku mama katoka saa ngapi, karudi saa ngapi, kalipwa nini, kakohoa mara ngapi, kwa sababu lile ghala lina vumbi. Mbaazi zikiisha atakuja tukae kikao, tuamue kama hicho kibarua kina maana au mama akae nyumbani apumzike kama wazee wengine. Nikamwambia mimi shule niliishia la nne, ripoti siwezi. Akasema andika kama unavyoongea, dada.

Ameyataka mwenyewe.

Daftari ni la Kindness binti yangu, la mwaka jana, limebaki kurasa nyingi nyuma. Mbele kuna mchoro wa panzi.

Jumanne, 13 Agosti

Katoka saa moja kasoro. Karudi saa kumi na moja. Kalipwa elfu tatu, ndiyo bei ya gunia moja. Kakohoa mara kumi na moja, ila moja nadhani ilikuwa kicheko.

Jumatano, 14 Agosti

Kama jana. Kakohoa tisa.

Alhamisi, 15 Agosti

Leo nimemweka mama kitako. Nikamwambia mama, bodaboda toka hapa Nangara mpaka ghalani ni buku, yaani elfu moja, kurudi buku. Chai na andazi saa nne ni mia tano. Unabaki na mia tano. Yaani unainama kutwa kwa mia tano! Mimi hapa kibandani nikikosea kurudisha chenji mia tano inapotea na wala sijainama.

Mama akasema, "Umepiga hesabu vizuri. Weka maji jikoni nioge."

Jumatatu, 19 Agosti

Leo kanisani hapakuwa... hapana, kanisani ilikuwa jana. Jana baada ya misa Mama Jesse alinishika mkono. Mama Jesse ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mtu wa Moshi, anauza vitenge, na kwa habari yeye na mimi ni kama moto na mkaa. Akaniambia, "Mama Kindness, usikasirike, ila watu wanasema bibi mnamlaza njaa." Mimi! Kumlaza mtu njaa mimi! Mtu niliyelisha msiba mzima!

Hiyo naiandika kwa sababu Marseli anaijua lakini asisahau. Baba yetu Melkiadi alipofariki, miaka tisa iliyopita, kule nyumbani Mutuka, siku ya tatu chakula kilikwisha na waombolezaji bado wanaingia, wengine wametoka Mbulu kwa gari bovu. Wanawake wote jikoni wamekaa wanatazamana. Ni mimi niliyepanda darini juu ya mafiga nikakuta debe zima la mbaazi, nikalishusha, nikapika makande, watu wakala mpaka wakalamba vidole. Mpaka leo nikipita Mutuka wananiita Rosalia wa debe. Halafu eti namlaza mama njaa.

Nimemuuliza tena leo anafuata nini kule. Kasema, "Nataka kuona mbaazi za watu."

Mbaazi! Kama hajawahi kuziona.

Jumanne, 27 Agosti

Leo nina mengi. Kindness kabaki kibandani, shule wamefunga kidogo.

Nilikwenda ghalani kumtoa mama. Nilikuwa nimevaa vizuri, nimepanga maneno njiani yote, nimwambie msimamizi kwamba huyu mama ana watoto. Nimefika getini, sijafungua mdomo, mtu kanipa ungo. Kasema, "Umechelewa, kaa pale kwa Ritha." Msimamizi huyo anaitwa Aminiel, mtu mzima, mpole, ana kalamu sikioni. Nikajisemea ngoja nikae kidogo, nipate pa kuanzia.

Nimetoka saa kumi na moja!

Jamani, kumbe kule kuna watu. Wanawake kama thelathini wamekaa chini, kila mmoja na ungo wake na gunia lake. Magunia yanatoka kote, Mutuka, Nakwa, Galapo, mpaka njia ya Kondoa. Mnunuzi anataka mbaazi nyeupe tupu. Kwa hiyo unapepeta, unatoa mawe, unatoa zilizotobolewa na wadudu, na unatoa zile zenye madoa, hata kama ni nzima, unazirusha kwenye ndoo za kutupa. Mikono inakwenda, midomo inakwenda. Huyu Ritha ni wa Nakwa, mnene, mcheshi, anasimulia habari za mkwe wake aliyekuja kusalimia siku mbili na sasa ana miezi minne, ameanza mpaka kufuga bata. Nimecheka mpaka mbaazi nyeupe nikazitupa kwenye ndoo.

Mama wala hanitazami. Yeye yuko kwenye kona yenye mwanga, miwani imefungwa kwa uzi, vidole vinatembea kwenye ungo kama kuku anadonoa. Halafu nikaona kitu. Zile za madoa anazozitoa, zingine anazirusha kwenye ndoo kama sisi. Zingine anazigeuza, anazisogeza kwenye mwanga, anazifunga kwenye pindo la khanga.

Nikamuuliza njiani, mama zile za nini?

"Za kuku."

Kalipwa elfu tatu. Mimi nimelipwa elfu moja na mia tano, nusu gunia, na mgongo unauma mpaka sasa. Kukohoa sikuhesabu, nilikuwa nakohoa mimi.

Jumatatu, 2 Septemba

Kuku hawajapata mbaazi hata moja. Nimechunguza.

Jumamosi, 7 Septemba

Katoka, karudi. Sita.

Jumatatu, 9 Septemba

Nilikuwa nafagia chumba cha mama. Chini ya kitanda kuna debe. Nikalivuta. Ndani mbaazi za madoa, zimechanganywa na majivu, zimefika kama robo. Zote za namna moja, nyeupe kwa chini, mgongoni madoa mekundu kama mtu kazinyunyizia damu ya kuku.

Nimekaa juu ya kitanda nikaogopa kidogo. Mzee akianza kukusanya vitu si dalili nzuri. Bibi mmoja hapa mtaani alianza na vizibo vya soda, akaishia hamjui mwanawe.

Sijampigia Marseli, angekuja usiku huohuo na daktari. Ila kitu kama hicho hakikai tumboni. Nimemwambia Mama Jesse peke yake. Nikamwambia hii ni siri, mama anafunga mbaazi kwenye pindo la khanga, ana debe chini ya kitanda. Mama Jesse akaapa.

Jumanne, 17 Septemba

Aminiel kahamishiwa ghala lingine. Kaja msimamizi mpya, Gerson, kijana wa Arusha, viatu vimechongoka mbele. Ritha kasema anahesabu mpaka nyungo. Mama: elfu tatu, kukohoa nane.

Jumatano, 25 Septemba

Upepo, vumbi mji mzima. Nguo nimefua mara mbili, mara ya pili kwa hasira. Mama kumi na nne. Marseli kapiga, kasema hiyo kumi na nne ameiandika na yeye.

Alhamisi, 3 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Saa tisa mama amerudi, mapema, kwa miguu. Toka ghalani mpaka Nangara kwa miguu na jua lile. Nyuma yake Ritha amebeba ungo wa mama, analia. Mama hakulia. Aliingia chumbani akafunga mlango.

Ritha ndiye amenisimulia. Leo magunia yaliisha mapema, na wakati wa kutoka Gerson alisimama getini mwenyewe. Wote wamepita. Mama alipofika akamwambia, "Bibi, fungua pindo." Mama akasema hizi ni za kutupa. Gerson akasema za kutupa ni mali ya ghala, kuna mtu wa kuku anazinunua, fungua. Mama akafungua. Mbele za watu wote, mbaazi zikamwagwa juu ya kiroba, kama vikombe viwili. Wanawake wakapiga kelele, Ritha akasema muulize Aminiel, Aminiel alimruhusu! Gerson akasema Aminiel hayupo. Halafu akasema, "Mimi nimesikia mpaka mtaani kuna bibi hapa anajenga nyumba kwa mbaazi za pindo. Ana madebe na madebe chini ya kitanda."

Ritha aliponiambia hayo nilikaa chini hapohapo kwenye gunia la vitunguu.

Mama katoka chumbani jioni kunywa maji. Akaniangalia. Akasema, taratibu tu, "Rosalia. Chini ya kitanda changu anaingia nani?"

Nikamwongezea maji kwenye kikombe.

Ijumaa, 4 Oktoba

Asubuhi nimempelekea mama chai chumbani nikapiga magoti. Nikamwambia mama nisamehe, nilimwambia mtu mmoja tu.

"Huwa ni mmoja tu," akasema. Kisha akasema kaa.

Akalivuta debe, akachota mbaazi kiganjani, akanipa. "Zitazame. Huzijui?"

Nikasema sizijui.

"Ni za baba yako."

Ndipo akanieleza. Baba alikuja na mbaazi hizi toka kwao juu Mbulu akiwa kijana. Zilikuwa ndefu kama mti, zinavumilia jua, zinaiva haraka jikoni, na mchuzi wake unakuwa mzito wenyewe bila kuunga. Mutuka nzima walikuwa wanakuja kuomba mbegu. Halafu wanunuzi wakaanza kutaka nyeupe tupu, watu wakageuka, wakang'oa, baba akabaki peke yake na mbegu yake. Kila mwaka anaweka debe moja darini juu ya moshi, wadudu wasiingie.

Debe moja. Darini. Juu ya mafiga.

Nimeisoma hiyo niliyoandika tarehe kumi na tisa Agosti. Nimetaka kuchana ukurasa, nikaona hapana, Marseli asome.

Nilimpikia baba yangu msiba wake kwa mbegu yake ya mwisho. Na kwa miaka tisa nimekuwa nikijisifu.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Niliporudi toka makaburini ilikuwa imeshaiva. Ningesema nini? Na watu walishiba, si uongo. Walishiba vizuri." Akacheka kidogo, mama, kwa mara ya kwanza tangu jana. "Nikasema zitakuwepo tu mahali. Mwenye shamba hawezi kung'oa zote. Moja moja zitakuwa zinajiotea kwenye za watu, zinaingia kwenye magunia. Nikafikiri, magunia yote ya wilaya hii yanapita wapi?"

Ghalani.

Kwa hiyo hiyo ndiyo kazi ya mama. Analipwa elfu tatu kutoa za madoa, na yeye alichofuata ni madoa. Si kila doa. Kuna madoa ya kahawia, kuna meusi, hizo si zenyewe. Gunia zima linaweza kutoa kikombe kimoja au viwili, siku nyingine hakuna.

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Gerson pale getini kwamba ni mbegu.

"Angeniuliza mbegu yangu ilipotelea wapi. Nikutaje mwanangu mbele ya wanawake thelathini?"

Nimetoka nje nikajifanya napanga nyanya.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimeanza na Mama Jesse. Nikamwita ukutani.

"Mama Jesse, nilikuambia debe moja. Madebe na madebe yametoka wapi? Nyumba imetoka wapi?"

"Mimi nilisema debe, Mungu shahidi. Debe moja na nusu labda. Nyumba waliiongeza wao kule sokoni."

"Uliapa!"

"Na wewe uliapa kwa nani kabla hujaniambia?"

Akaniangalia, akaona kweli nimeumia, akavua aproni. "Twende huko ghalani. Tumeharibu wote, tukatengeneze wote."

Tukaenda kwa bodaboda moja, wawili nyuma ya dereva, buku na mia tano. Tumefika saa ya chai, wanawake wote wapo nje. Gerson amesimama na daftari lake. Nikamsalimia. Akasema mama, kama umekuja kugombana rudi.

Nikasema sijaja kugombana, nimekuja kuongea. Na nikaongea. Nilisimama juu ya kiroba nikawaambia wote. Nikawaambia mimi ndiye niliyetoa habari ya debe. Nikawaambia zile si mbaazi za kuuza wala za kujengea, ni mbegu ya marehemu Melkiadi wa Mutuka. Halafu nikawaambia na ile nyingine, ambayo sikuwa nimepanga kuisema: kwamba mbegu hiyo niliipika mimi kwenye msiba wake kwa mkono wangu, na kwamba Rosalia wa debe ndiye mimi.

Ritha akasema, "Kumbe yale makande! Mimi nilikuwepo. Nilirudia mara tatu!"

Wakaangua kicheko wote, mpaka wapakiaji kwenye lori. Mama Jesse alicheka mpaka akashika nguzo. Gerson peke yake hakucheka. Akasema nimesikia, saa ya chai imekwisha, rudini kazini. Mbaazi za mama hakunipa.

Jumanne, 8 Oktoba

Mama yuko nyumbani, ghalani hakwenda tena. Amefagia uwanja mara mbili. Hajakohoa.

Alhamisi, 10 Oktoba

Hajakohoa hata mara moja. Wala hajacheka.

Marseli kapiga, kafurahi. "Umeona dada? Anapumzika." Nikamwambia njoo uone anavyopumzika. Amekaa kwenye kigoda anaangalia barabara kama mtu aliyeachwa na basi. Jana kachambua mchele wangu wa kuuza wote, kilo ishirini, hauna hata jiwe, wateja wakiuzoea wataniharibia.

Debe halijafika hata nusu. Mama kasema hiyo haitoshi shamba la Mutuka, itatosha mistari michache, na ndege wana mgao wao, na mbuzi wa watu wana mgao wao.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mdomo wangu umeanza kurudisha faida. Watu wanaleta mbaazi. Tangu juzi Mama Jesse na mimi tumeitangaza habari ya mbegu ya Melkiadi soko zima, na sasa mlangoni kuna foleni. Mmoja kaleta kunde. Mmoja kaleta maharage ya madoa, eti si ni madoa tu? Mama anawapokea wote, anavaa miwani, anasema asante, hizi sizo, kunywa chai. Sukari imekwisha.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kaja dada mmoja toka Nakwa na kikopo cha dawa ya meno kilichofungwa kwa nailoni. Hapana, si cha dawa ya meno, cha poda. Kasema shangazi yake alikuwa kwenye msiba wa baba, alisaidia kuosha mbaazi, akaona ni nzuri akafunga kiganja kimoja kwenye kitambaa akaenda kupanda uani. Anapanda kila mwaka miti mitano tu, ya mboga.

Mama akamwaga kiganjani. Akazigeuza kwenye mwanga. Akachukua moja akaiuma.

Halafu akamshika yule dada kichwani kwa mikono miwili kama padri.

"Shangazi yako mwizi," akasema, "Mungu ambariki."

Kicheko: siwezi kuhesabu. Kukohoa kwa ajili ya kicheko: nne.

Jumatatu, 14 Oktoba

Gerson amekuja nyumbani!

Nilimwona toka mbali na vile viatu, amebeba mfuko uliokuwa wa sukari, ule wa kilo tano. Kindness akaja mbio, "Mama, yule msimamizi!" Mimi nikashika ufagio, sijui kwa nini.

Akamsalimia mama, "Shikamoo bibi," na akainama kweli.

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa kwanza. Akaweka mfuko miguuni kwa mama. Ndani ni zile zilizomwagwa, na zingine. Kasema aliwaambia akina mama watoe madoa mekundu pembeni kwa siku zote hizi, na Aminiel amempigia simu akamthibitishia kwamba aliruhusu. "Nilikosea kukupekua mbele ya watu, bibi. Ningeuliza kwanza."

Mama akamwangalia. "Na kingine?"

Gerson akajikuna. Kingine kipo. Lori zima limerudishwa toka Arusha. Mnunuzi kafungua magunia kakuta madoa, kasema hii si nyeupe tupu. Wameangalia, magunia yote mabaya ni ya baada ya mama kuondoka. Wanawake wamemwambia ukweli: Bibi Kandida, yaani mama, alikuwa akimaliza gunia lake anapitia na ya wenzake, hakuna doa linalomponyoka.

Lazima iwe hivyo! Sisi tulikuwa tunatoa madoa tulipwe. Yeye alikuwa anayatafuta.

"Rudi bibi, tafadhali. Tuna wiki tatu zimebaki."

Sasa sikilizeni mama yangu, mama wa mia tano kwa siku. Akanywa chai. Akaweka kikombe. Akasema, "Bodaboda, kwenda na kurudi, ya ghala."

"Sawa."

"Barakoa za vumbi. Si mimi peke yangu, wote."

"Sawa bibi."

"Na madoa mekundu ya nyungo zote, thelathini, yanakuja kwangu. Mwenye kuku mwambie anunue pumba."

Gerson akaangalia viatu vyake muda mrefu. "Sawa."

"Basi kesho. Kunywa chai, ila sukari tumeishiwa kwa ajili ya wageni."

Jumanne, 15 Oktoba

Katoka saa moja kasoro, amekaa nyuma ya bodaboda kama mkuu wa wilaya. Kalipwa elfu tatu na imebaki elfu mbili na mia tano. Kukohoa: mbili.

Jumatatu, 21 Oktoba

Moja. Mkwe wa Ritha bata wake wametaga.

Jumatano, 30 Oktoba

Sifuri. Debe limepita nusu.

Ijumaa, 8 Novemba

Ghala limefungwa, msimu umekwisha. Mama kaleta kiroba kidogo cha mwisho. Akamwaga kwenye debe mbele yangu, taratibu, zikafika ukingoni na kikabaki kikombe kimoja. Tukatazamana. Debe moja, kama lile.

Jumamosi, 16 Novemba

Kikao.

Marseli kaja na gari na tai, kutoka kwenye semina Arusha. Kakaa sebuleni, nikampa daftari. Nikamwonyesha aanzie baada ya panzi. Akasoma kwa sauti kama padri msaidizi. Mwanzoni alikuwa anasoma na kujumlisha kwenye simu. Alipofika Oktoba akaacha kujumlisha. Alipofika pale pa msiba akanyanyua uso akaniangalia, halafu akaendelea kusoma, bila sauti.

Akamaliza. Akakohoa kidogo, nikamwambia moja.

"Mama," akasema, "kwa hesabu yangu, hata ukiweka bodaboda ya mwisho, mimi nakutumia zaidi ya hiyo kwa mwezi mmoja. Kibarua hiki kwa malipo hakina maana."

Mama akainuka. Akaenda jikoni akarudi na sahani. Kile kikombe kilichobaki, alikipika makande tangu asubuhi, amenifukuza jikoni nisichungulie.

Marseli akala kijiko kimoja. Akaacha kutafuna. Akatazama ukutani, ambapo hakuna kitu.

"Hii ni ya Mutuka," akasema.

"Ni ya Mutuka."

"Nikirudi toka shule. Baba ananiwekea kwenye bakuli la bluu."

"Bakuli ninalo," mama akasema.

Marseli alikula sahani tatu, tai ikaingia kwenye mchuzi. Kisha akafuta mdomo, akachukua kalamu yangu. Chini ya hesabu yake akaandika: debe moja. Akauliza bei ya debe la namna hiyo ni shilingi ngapi. Nikamwambia hakuna mahali linauzwa. Akafikiri, akaacha wazi, hakuandika kitu.

"Kwa hiyo kibarua umemaliza, mama? Ulichofuata umepata."

"Nimepata," mama akasema. "Ila mwakani narudi."

"Kufuata nini tena?"

"Mkwe wa Ritha bado hajaondoka. Nitajuaje mwisho wake?"

Kikao kimeamua arudi. Kura tatu. Na Kindness nje dirishani, nne.

Ijumaa, 29 Novemba

Mvua! Imeanza alfajiri, bati likalia kama ngoma, mtaa mzima umetoka nje. Harufu ya udongo mpaka kwenye chai.

Jumamosi, 30 Novemba

Tumepanda, kule Mutuka. Marseli kaja tena, kavua viatu vya ofisini kavaa vya marehemu baba, vinambana. Yeye anachimba, mama anatia mbegu, mimi nafukia kwa mguu na kuongea. Ritha alikuja, Mama Jesse alikuja na mwavuli. Hata Gerson alipita na pikipiki ya ghala akasimama, akaangalia, mama akampa jembe.

Hatukupanda zote. Mama alibakiza kama kilo mbili, akazitia majivu, akazifunga kwenye kitambaa. Wote walipoenda kunawa mtoni akaniita pembeni nyuma ya nyumba ya zamani. Nikajua atampa Marseli aende nazo Dodoma, kwenye usalama.

Akanipa mimi.

"Hizi kaa nazo wewe," akasema. "Mahali unapojua mwenyewe. Na usizipike."

Tumerudi Nangara tumelowa. Mama Jesse akanisogelea kwenye kibanda, akanong'ona, "Nimeona kifurushi. Amekupa? Umeziweka wapi?"

Nikamwambia mvua ya mwaka huu ina dalili nzuri, si unaona mawingu yalivyokaa upande wa mlimani.

Zipo mahali. Hata humu siandiki.